Uso wa Jenerali Juu ya Tao la Tisa

Kwanza nieleze jiwe linavyolala, maana asiyejua hilo hataelewa kwa nini ningeweza kuozea gerezani kwa ajili ya msalaba mwekundu usiozidi kiganja.

Jiwe letu, lile la rangi ya asali lililojenga mji mzima, lilijipanga ardhini tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu kilicholazwa mezani. Mchimbaji akilikata hupaka msalaba upande uliokuwa ukitazama juu. Upande huo tunauita mbingu. Katika karakana zetu hakuna anayeshika tindo kabla ya kuuliza, "Mbingu iko wapi?" Jiwe hujengwa ukutani mbingu ikiwa juu, na uzito wa ukuta huzikandamiza kurasa zisiachane. Ukilisimamisha, kurasa zikatazama mbele, mvua hupenya katikati yake, barafu ya Januari huzisukuma, na baada ya baridi mbili tatu huanza kubanduka moja moja. Siku ya kwanza huoni kitu. Linapendeza kama mengine.

Juni 1956 manispaa ilituletea jiwe la ukubwa wa meza ya watu wanne, bado linatoka maji ya machimbo. Lilikuwa la kuchonga uso wa Jenerali Robledano, aliyekufa kitandani mwake mwezi Machi, padri kulia, daktari kushoto, shuka safi. Uso huo ulikuwa upandishwe Plaza, uwanja mkuu wa mji wetu.

Nanyi mnaopita Plaza mkiwa mmeinua vichwa na kusema lo, uzuri gani, siwalaumu. Ni nzuri. Matao themanini na manne, na juu ya kila nguzo, kati ya tao na tao, duara la jiwe lenye kichwa cha mtu: wafalme, mabaharia, maaskofu, wote wameibiwa na mvua kidogo puani. Waliojenga waliacha maduara kadhaa matupu, kwa ajili ya wakubwa watakaozaliwa baadaye. Kwa waliobeba mawe hawakuacha duara hata moja. Walilipia uwanja ule kwa ushuru wa divai na nyama, yaani alilipa mlevi na mwenye njaa, na nyumba za watu zilibomolewa ili mstari wa roshani unyooke. Nilijifunza haya mwenyewe, jioni, kwa vitabu vya kuazima, maana shuleni nilikaa miaka miwili tu na yote miwili nilifundishwa sala.

Manispaa ilichagua duara tupu juu ya tao la tisa, upande wa mashariki. Hawakuchagua kwa ubaya. Hawakukumbuka tu, na hilo linanichoma zaidi.

Mimi nakumbuka. Jumanne, tarehe ishirini na moja Julai 1936, saa tano asubuhi, Robledano aliingia Plaza na malori mawili, akasoma karatasi kwamba nchi sasa ni ya jeshi. Mtu mmoja akapaza sauti, "Idumu Jamhuri!" Bunduki zikajibu. Walikufa saba. Wa saba ni kaka yangu Emeterio, mchonga mawe, miaka ishirini na sita. Hakufa hapo hapo. Alikimbia hadi mlango wa karakana yetu nyuma ya matao akaugonga kwa ngumi. Fundi mkuu, Quintiliano, alikuwa ndani. Hakufungua. Nami nilikuwa ndani, na miaka yangu kumi na minane. Fundi alinibana ukutani kwa kifua chake na mkono mdomoni mwangu. Tulihesabu ngumi kumi na moja. Kisha Emeterio akarudi alikotoka, akaegemea nguzo ya tao la tisa, akaisha.

Kwa hiyo kwa miaka ishirini nilifanya kazi chini ya mtu yule, nikila mkate wake, na kila alipofunga mlango jioni nilihesabu mpaka kumi na moja.

Msalaba niliufuta saa ya kulala mchana. Joto la Kastilia mwezi wa Juni halina huruma. Saa nane mji mzima hufunga madirisha, na wachongaji wenzangu watano walikuwa wamelala chini ya turubai, kofia usoni, wanakoroma. Nilisugua kwa mchanga na maji mpaka wekundu ukatoka, nikapaka msalaba mwingine upande wa ubavuni. Dakika nne.  Kisha nikajilaza kando yao, kofia usoni.

Kwa sheria yao, kuharibu kumbukumbu ya ushindi ilikuwa kesi ya mahakama ya kijeshi. Nilikuwa na kiapo cha chama cha siri cha kupinga utawala wao kifuani na kaka aliyekufa kwa risasi zao. Nani angeamini kwamba nilikosea?

Mchongaji sanamu alitoka Madrid: Don Leandro, sigara ndefu, koti jeupe, picha ya Jenerali mfukoni. Alizoea marumaru, na marumaru hailali wala haiamki.

"Huu msalaba ni wa nini?" akaniuliza.

"Unaonyesha juu, Don Leandro."

"Ajabu! Kumbe juu ni juu hata huku mikoani." Akacheka, akapanga jiwe kama msalaba wangu ulivyomwelekeza.

Siku ya pili alipogonga shavu, kibanzi kiliruka kipana, chembamba, kama ganda la kitunguu. Jiwe lililolala sawa haliruki hivyo. Humeguka vipande vifupi na unga. Fundi Quintiliano alikuwa anapita na fimbo yake. Akasimama. Akainama, mzee wa miaka sabini na goti bovu, akakiokota, akakiinua kwenye mwanga, akakitia mfukoni. Kisha akanitazama mimi. Akaenda zake.

Julai, Agosti, Septemba. Uso ukazidi kutoka jiweni, nami nikazidi kukonda. Kila nyayo mlangoni nilidhani ni za polisi. Sikujua mzee anangoja nini. Aliniita kwa jina kama kawaida, alinituma kama kawaida, alinikaripia nikiacha tindo juani. Kama angekwenda kuniuza, angekwenda siku ile. Lakini mtu aliyeweza kunyamaza ndani ya mlango anaweza kunyamaza kwa sababu yoyote.

Tarehe tisa Oktoba, siku tatu kabla ya sherehe ya kuupandisha uso, alikuja katibu wa manispaa, Don Wenceslao, kukagua. Glavu za kijivu, kiangazi na baridi. Babu yake alivunjika mgongo machimboni. Mji mzima ulijua na hakuna aliyethubutu kulitaja mbele ya glavu zile. Alizunguka jiwe mara mbili.

"Mmempa kidevu," akasema. "Alipokuwa hai hakuwa nacho."

Don Leandro akacheka peke yake.

"Leteni maji. Mpiga picha anataka rangi itoke."

 Jiwe kavu linaficha mistari yake, lakini likilowa kila ukurasa unajitokeza. Mbele, usoni, hapakuwa na hatari. Ulikuwa ukurasa mmoja. Hatari ilikuwa ubavuni, ambako baada ya siku tatu chokaa na ukuta vingefunika kila kitu. Siku tatu tu.

"Mwagia wewe, Saturio," fundi akaniambia.

Nikamwagia usoni. Maji yakatiririka puani kwa Jenerali kama mtu mwenye mafua.

"Na ubavuni," akasema katibu.

"Ubavuni hapatapigwa picha, Bwana Katibu," nikasema.

"Nilikuuliza?"

Nikamwagia ubavuni. Mistari ikatoka. Ilisimama wima, mamia yake, kama mvua inyeshayo pasipo upepo. Kipofu angeiona. Don Wenceslao alivua glavu ya mkono wa kulia, kidole kimoja baada ya kingine, akapitisha kidole gumba kwenye ile mistari, polepole, kutoka juu hadi chini. Nikaona kidole kile kinajua kinachogusa.

"Mbingu iko wapi, Quinti?"

 Hakumwita fundi, wala bwana. Aliuliza kama babu yake angeuliza.

"Ya jiwe hili, Bwana Katibu?"

"Ya hili. Silioni lingine."

"Hili limetoka tumboni kabisa mwa machimbo. La tumboni halina mbingu. Unalilaza upendavyo."

"La tumboni."

"Ndiyo, bwana."

"Usinifanye mgeni, Quinti."

"Mgeni angeniuliza bei."

Mmoja wa wenzangu alikohoa ili asicheke. Don Leandro akajongea. "Kuna shida gani? Juu ni juu, mimi mwenyewe nimeshamwambia huyu..."

"Don Leandro, kavute sigara nje."

Akatoka. Katibu akatazama jiwe, akamtazama fundi, akanitazama mimi, na alipofika kwangu alikaa sana. Alijua jina langu la ukoo. Ndiye aliyeliandika mwaka ule kwenye cheti cha kaka yangu, mahali pa sababu ya kifo: "kutoka damu". Nikaona anapiga hesabu. Gavana amealikwa. Askofu amealikwa. Bendera zimeshonwa. Na lile jiwe lilipokelewa Juni na yeye mwenyewe, akitia sahihi pasipo hata kushuka garini kwa sababu ya joto.

"Andika," akamwambia fundi. "Andika kwamba umelikagua, ni zima, halina mbingu, na likidondosha hata unywele utajibu wewe."

Fundi akachukua kalamu. Mwandiko wake ulikuwa wa mtoto, herufi kubwa zilizosimama mbalimbali. Alimaliza, akatia sahihi, akainua kichwa.

"Na aliyelipokea jiwe machimboni, sahihi yake ikae wapi?"

Hapo nikadhani ametuua sote. Don Wenceslao alivaa glavu yake tena, polepole kuliko alivyoivua.

"Chini ya yako," akasema. Akaandika. Akakunja karatasi, akaitia ndani ya koti, akaondoka bila kuaga.

Wenzangu walipokwenda kula, fundi alibaki ameketi juu ya tofali la jiwe, fimbo katikati ya magoti.

"Usinishukuru," akasema.

"Sikuwa na nia."

"Vizuri. Basi nijibu. Nani anakaa chini ya tao la tisa?"

 Nilikuwa nimefikiria mvua. Nilikuwa nimefikiria barafu, nikapiga hesabu ya baridi ngapi, nikajiona nimepita wote kwa akili. Mtu wa karakana hulitazama jiwe mezani, usawa wa kifua chake, likidondosha kitu kinaangukia viatu vyake. Sikufikiria hata mara moja kwamba kurasa zile zingedondoka kutoka urefu wa watu wanne na zingefikia mahali.

Chini ya tao la tisa alikaa Obdulia, mjane wa kaka yangu. Miaka ishirini. Kiangazi aliuza mbegu za alizeti na sigara moja moja, baridi ikifika aliuza kastanya, njugu kubwa za msituni, za kuchoma kwenye jiko la bati.

"Ungesema Juni!" nikamfokea. "Ulikiokota kibanzi kile Juni!"

"Juni ungelitupa jiwe, likaja jingine, likalala sawa, na uso ule ungekaa miaka mia tatu. Unadhani ni wewe peke yako usiyetaka kuuona?" Akanyanyuka kwa taabu. "Nenda kamwambie yule mwanamke ahame. Mimi siwezi kumwendea. Unajua kwa nini."

Naandika hapa ili isije ikasemwa vingine: sikumsamehe. Alitia sahihi ambayo ingemtia gerezani, kweli. Na hakufungua mlango, kweli. La pili halikufutwa na la kwanza, na yeye mwenyewe hakuomba lifutwe.

Nilikwenda Plaza mchana huo huo. Jukwaa la mbao lilikwisha simamishwa juu ya kichwa cha Obdulia. Alikuwa amelizunguka na jiko lake kama paka anavyozunguka kiti.

"Shemeji," nikamwambia, "hamia tao la kumi na moja."

"Kuna nini huko, wanagawa dhahabu?"

"Kuna kivuli."

"Oktoba nitafute kivuli? Umekunywa, Saturio?"

"Sijanywa."

"Basi kunywa, halafu uje useme jambo lenye maana." Akanitupia kastanya ya moto. Nikaidaka, nikaungua, nikachuchumaa kando ya jiko, na huku namenya nikamweleza yote, kwa sauti ya chini, macho yangu kwenye maganda. Askari wawili walipita. Obdulia aliwauzia pakiti bila kubadilika sura, akawaambia "mchana mwema", akanigeukia.

"Litaanza lini?"

"Baridi ya pili, labda. Ya tatu."

"Litaanzia wapi?"

"Panapochomoza. Nyusi. Pua."

Akageuza kastanya kwa vidole, hakuwa mtu wa kutumia kijiko. Nikadhani analia. Nilipomtazama alikuwa anafikiri.

"Hapa nimefukuzwa na polisi mara sita," akasema. "Padri alinipa pesa nikauzie mlangoni kwa kanisa. Mwenye mkahawa alinimwagia maji ya kudekia. Nimerudi. Leo wanampandisha mbwa huyu, na wiki hiyo hiyo mimi nibebe jiko nihame? Mji utasema Obdulia amempisha."

"Kipande kikubwa kama sahani kinaweza kukuua."

"Basi kisidondoke."

"Nimeshakwambia kitadondoka!"

"Usinipigie kelele, mimi si mama yako. Wewe si ndiye fundi? Umelipindua jiwe vizuri sana mpaka Madrid hawakuona. Sasa tafuta namna linavyokula uso wake lisile wangu. Sihami." Akachukua gazeti, akakunja pakiti. "Na kastanya ile utalipa."

Tarehe kumi na mbili tulilipandisha. Plaza ina desturi ya zamani kuliko Jenerali yeyote: siku ya sherehe roshani si ya mwenye nyumba. Tangu enzi ambapo fahali walichinjwa pale mbele ya wafalme, manispaa hugawa roshani za watu kwa wageni wake. Unakaa nyumba hiyo mwaka mzima, unalipa kodi, halafu asubuhi moja buti za mtu usiyemjua zinapita chumbani kwako, kando ya kitanda chako, zikasimame palipo na maua yako. Nilipokuwa juu ya jukwaa niliwaona kotekote, mashati ya bluu ya chama tawala na mantila nyeusi, shela za wake zao, na nyuma yao, ndani gizani, wenye nyumba wamesimama kwenye vizingiti vya vyumba vyao wenyewe.

Obdulia aliambiwa aondoke kwa saa tatu. Aliondoka hatua mbili, akaketi juu ya jiko lake lililozimwa.

Kamba ikakaza. Wenzangu wanne kwenye winchi, mimi juu kulipokea. Jiwe likapanda limefunikwa bendera, likizunguka taratibu, na lilipofika usawa wa kifua changu upepo uliinua pindo la bendera nikauona ubavu, ile mistari wima, wazi mbele ya askofu, gavana na nusu ya mkoa. Nikaukumbatia kwa mikono yote miwili kuufunika. Chini, Don Wenceslao alikuwa ameinua kichwa. Kibanzi cha ukubwa wa ukucha kilikwaruzika kwenye ukingo wa duara, kikashuka, kikatua kwenye bega la koti lake. Nilikiona kinashuka. Nilikiona kinatua. Alikipangusa kwa glavu, kama mtu anavyopangusa majivu, na akatazama mbele.

Likaingia. Nikaliziba kwa chokaa pande zote, na nikatia vibano vya chuma viwili zaidi ya vilivyoagizwa, ili angalau jiwe zima lisije likang'oka. Walivuta bendera, wakapiga makofi. Uso ulikuwa mzuri. Don Leandro alijua kazi yake, sitamnyima haki.

Baridi ya kwanza haikutokea kitu. Ya pili, Februari, kulikuwa na barafu siku tisa mfululizo, na siku ya kumi jua. Saa sita mchana Obdulia alikuja karakanani mwenyewe, akaweka mbele yangu pakiti ya gazeti, ile ya kastanya.

"Jenerali amekuletea nyusi," akasema.

Ndani kulikuwa na kigae chembamba, kirefu kama kidole, nywele za jiwe zimechongwa vizuri juu yake. Kilikuwa kimeangukia jiko lake kikatoboa bati. Mkono wake ulikuwa umechanika juu ya kifundo; alikuwa ameufunga kwa leso.

"Hii ni nyusi tu," akasema. "Nangojea pua."

Ndipo nilipokwenda manispaa. Nilivaa shati jeupe. Nilikaa kwenye benchi la mbao kuanzia saa tatu hadi saa saba, chini ya picha za wakubwa wote wale, na nilipoitwa ndani nilikuwa nimekwisha meza kila neno nililowahi kusema mikutanoni.

"Unataka nini?" Don Wenceslao akauliza.

"Kumtunza Jenerali, Bwana Katibu."

Akaweka kalamu chini.

"Jiwe letu linahitaji kuoshwa baada ya barafu," nikasema. "Kupigwa brashi, kuondolewa vilivyolegea. Naomba kibali cha kupanda kila Machi. Na Novemba, kabla ya baridi. Sitaki malipo."

"Wewe. Umtunze yeye."

"Ndiyo, bwana."

"Kaka yako alikuwa nani?"

"Unajua alikuwa nani. Ulimwandika."

 Niliangalia droo ya meza yake. Nilikisia ile karatasi ya jiwe iko mle, yenye sahihi mbili, moja chini ya nyingine. Angeweza kuita askari waliokuwa nje ya mlango. Na askari wangeuliza jiwe lilipokelewa na nani. Alivuta droo nusu, akaisukuma ikafunga.

"Vilivyolegea tu," akasema.

"Vilivyolegea tu."

"Na kidogo kidogo. Nasikia mvua ya mji huu ni mbaya kwa mawe." Akagonga muhuri kwenye kibali, akanisukumia bila kunitazama. "Ondoka."

Nikapanda. Mwezi Machi, saa nne asubuhi, watu wanakunywa kahawa chini ya matao, mimi kwenye ngazi ya manispaa na ndoo na brashi laini, nampangusa mashavu muuaji wa kaka yangu. Kila kigae kilicholegea nilikitoa kwa ncha ya kisu, nikakitia mfukoni, ili kisimwangukie Obdulia. Mwaka wa kwanza nyusi ya pili na ncha ya pua. Mwaka wa pili pua nzima. Kazi ya subira. Ukivuta kisicholegea, mtu chini anaona. Ukiacha kilicholegea, unaua.

Hilo sikuwa nimeliwekea hesabu: kwamba mji wote utanitazama. Watu saba walikufa pale, na kila mmoja aliacha watu. Mama mmoja alinitemea mate kwenye ngazi. Mtu alichora kwa makaa kwenye mlango wangu, "Yaya wa Jenerali". Aprili ya mwaka wa kwanza chama kiliniita kwenye chumba cha nyuma cha duka la divai. Baldomero, fundi viatu, aliyeniapisha mwenyewe mwaka 1949, hakuniruhusu niketi.

"Ndugu Saturio, au tukuite nani sasa? Tunaambiwa umeomba kazi ile. Hukutumwa. Umeomba, na bila malipo."

"Kweli."

"Una maelezo?"

Nilikuwa nayo. Yalikuwa mdomoni. Lakini chumbani walikuwa watu sita, na mwaka uliopita watu sita wa chumba kama kile walikamatwa, na wawili walisema kila walichojua kwa siku tatu. Sikuwalaumu. Ningewatajia hapa, kesho lingekuwa kituoni, na kesho kutwa wangemchukua mzee Quintiliano na mwanamke wa kastanya.

"Sina," nikasema.

"Msafishe vizuri masikioni, basi," Baldomero akasema, "asikie tunavyokuja." Wakacheka. Nikatoka. Baldomero alikufa mwaka 1966 akiniita msaliti, na siku ya mazishi yake nilisimama ng'ambo ya barabara kwa sababu watoto wake hawakutaka nisogee.

Quintiliano alitangulia, mwaka 1961. Hakuna aliyemdai unywele wowote. Mlango wa karakana nikaachiwa mimi. Niliung'oa, nikaweka wa vyuma vyenye nafasi, unaona aliye nje.

Nilipanda ngazi ile miaka kumi na miwili. Machi na Novemba. Kidevu kilikwenda, midomo ikaenda, macho yakawa mashimo, kisha mashimo yakawa sawa na shavu, na shavu sawa na duara. Watalii wakaanza kuja, wanapiga picha wafalme, wakifika kwake wanapita. Gavana mpya aliuliza huyo nani, akaambiwa na mtu ambaye naye hakuwa na hakika.

Novemba 1969 nilikuwa juu, kidole kinapapasa kutafuta kilicholegea. Kulikuwa na ukungu, moshi wa jiko unapanda moja kwa moja puani mwangu. Obdulia alikuwa na miaka sitini wakati huo, kovu jeupe mkononi, mitandio miwili. Hakuwahi kuhama hata nguzo moja.

"Shemeji!" akaniita kutoka chini. "Kimebaki nini?"

"Sikio. La kushoto."

"Limelegea?"

Nikaligusa. Lilikuwa limeshikilia kwenye tabaka lake, gumu, labda la miaka mitano, labda la kumi.

"Bado. Lakini naweza kulitoa leo, ukungu huu hakuna atakayeona."

Akageuza kastanya, akamhudumia mtu, akarudisha chenji. Kisha akainua uso.

"Liache hilo," akasema. "Nina mambo ya kumwambia."